Basi la Makaa la Kobe

Changamwe, Jumatatu, 11 Aprili 1949

Leo nimeacha kazi ya reli. Miaka minne nimechochea moto kwenye injini ya kupangia mabehewa hapa Changamwe, nikaujua kila mlio wake hata usingizini, na asubuhi nilimwendea mkubwa wetu, Mzungu, nikamwomba tena anifundishe kuiendesha. Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Elkana," akasema, "wewe ni mtu wa makaa. Dereva ni mtu mwingine kabisa."

Nikamwuliza, huyo mtu mwingine ni mtu gani. Akaacha kucheka. Nami nikavua kofia ya kazi nikaiweka mezani pake.

Kilindini iko meli ya mizigo inayotafuta wachochea moto. Yapeleka pamba na katani Japani. Nimeandikishwa leo hii.

Mke wangu Kache aliposikia aliweka mwiko chini. "Umeacha makaa ya nchi kavu, ukafuata makaa ya baharini. Umepata nini hapo, bwana wee?"

"Nakwenda kuona."

"Kuona nini?"

"Nikishakijua nitakuambia."

Akageuka, akaanza kunifulia mashati. Kwa Kache, hiyo ni ruhusa.

Jumatano, 13 Aprili

Tumeng'oa nanga mchana. Tunayepokezana naye beleshi aitwa Mwidani, Mdigo wa Likoni, amenizidi umri kidogo, mpana wa mabega na mchache wa maneno. Vitani alikuwa dereva wa lori la jeshi huko Bama, yaani Burma. Tulipopita Likoni tulikuwa juu tukivuta hewa, akaitazama feri ikivuka na watu wake mpaka ikawa nukta.

Nikamwuliza kama ana hamu ya kuiona Japani.

"Japani?"

"Ndiko tuendako."

Yeye aliambiwa Singapuri. Akatema mate baharini. "Watu wale nimepigana nao, ndugu yangu. Meli itafika, lakini mguu wangu hautashuka. Wallahi."

Jumapili, 24 Aprili

Joto. Sina neno jingine.

Singapuri, Jumatano, 11 Mei

Mwidani alijaribu kuomba ashushwe hapa. Serahangi, msimamizi wetu, akamwambia mkataba ni mkataba. Jioni Mwidani alifanya zamu yake na nusu ya yangu.

Kobe, Jumapili, 29 Mei

Tumefika! Mji umebanwa kati ya bahari na milima. Milima yenyewe iko karibu mno, mtu angedhani yataka kuingia bandarini. Nimekesha zamu lakini usingizi hauji.

Boila letu moja limepasuka. Mafundi wamepanda, wamelipigapiga kwa nyundo, wamekunja nyuso. Serahangi asema tutakaa hapa mpaka mwisho wa Julai. Wenzangu wamelaani. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko la meli nikacheza peke yangu.

Jumanne, 31 Mei

Nimeshuka mjini. Niandike kwa utaratibu, maana kichwa kinazunguka.

Kwanza ni mlio. Nilipotoka lango la bandari nilisikia ko-ko-ko-ko barabara nzima, nikadhani iko karakana karibu. Kumbe ni viatu vya mbao. Mji mzima wavaa mitalawanda, wake kwa waume! Kwetu mtalawanda ni wa kuendea bafuni. Hawa waikimbilia tramu nayo, na hawaanguki.

Halafu tramu. Behewa moja la umeme juu ya reli katikati ya barabara, na kengele yake dereva huipiga kwa mguu. Madirisha mengine hayana vioo, yamezibwa kwa mbao. Mji uliungua vitani, na mitaa mingi ni vibanda vya mabati vilivyosimamishwa juu ya majivu. Lakini tramu inakwenda! Watu wamejipanga mstari bila askari wa kuwapanga. Na kondakta ni msichana. Ana mkoba wa ngozi kifuani na kitoboleo cha tikiti mkononi, anawaamuru wanaume wasogee ndani, nao wanasogea.

Nikajipenyeza mbele nimwone dereva. Glovu zake nyeupe zimetiwa viraka. Mkono mmoja uko kwenye mwendo, mwingine kwenye breki. Si Mzungu. Mkaguzi wa tikiti si Mzungu. Yule mzee kituoni mwenye kofia ya utepe wa dhahabu na saa mkononi, ambaye wote humwinamia, naye si Mzungu. Nilikuwa nawatazama mmoja mmoja hata nikapitiliza kituo changu, nikarudi, nikapitiliza tena kwa upande wa pili.

Niliporudi nilimsimulia Mwidani yote. Alikuwa akiosha sahani yake. "Umemaliza?" akauliza.

Ijumaa, 3 Juni

Leo nimepanda garimoshi la umeme kwenda Osaka. Stesheni ilijaa watu wenye mafurushi: viazi vitamu, makaa, kuku mmoja ndani ya mfuko akichungulia. Mfanyakazi wa stesheni aliniona, akainama, akanielekeza kwenye behewa lenye mstari mweupe ubavuni. Lilikuwa karibu tupu, viti vina vitambaa. Nikakaa. Akaja askari wa Kimarekani, Mzungu, maana behewa hilo ni la jeshi lao linaloishika nchi tangu vita, akaniuliza mimi ni wa kikosi gani. Nikamwambia mimi ni wa Mombasa. Akanyoosha kidole mlangoni.

Basi nikashuka nikalikimbilia behewa la wenyeji, ambako hapakuwa hata na pa kutia mguu, nikasukumwa ndani na mikono ya watu nisiowaona. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni kwenye mbeleko, vilevile kama kwetu, aliinua furushi lake akaliweka kichwani ili nipate pa kusimama.  Wengine walilala wima.

Na Mungu si Athumani! Msukumano ule ulinipeleka mpaka kwenye kioo cha nyuma ya dereva. Ni kijana, pengine mdogo kwangu. Kila alipokaribia taa ya ishara aliinua kidole akaielekezea, akaisemesha kwa sauti, peke yake chumbani. Nikadhani ni mwehu. Halafu nikafahamu. Huitaja ili asije akaipita kwa mazoea. Miaka minne kwenye yadi ya reli hakuna aliyenifundisha jambo la maana hivyo. Nilifika Osaka nami nainua kidole. Mama wa furushi akacheka akifunika mdomo.

Kama askari yule asingenifukuza, ningeyaona wapi hayo?

Jumatatu, 6 Juni

Mvua.

Jumanne, 7 Juni

Mvua. Wenyeji wasema ndio msimu wake. Miavuli yao ni ya karatasi iliyotiwa mafuta, na barabara ukiitazama toka juu ya meli ni miavuli mitupu inayotembea.

Alhamisi, 9 Juni

Kache angekuwapo! Nimeliona basi linalokula makaa.

Lilikuwa limesimama chini ya mlima likitoa moshi. Nyuma limefungwa pipa la chuma refu kama mtu, ndani mna moto, na hewa ya moto ule hupita katika mabomba ikaendesha injini mahali pa petroli, maana petroli hawana. Kondakta, msichana mwembamba mwenye nywele fupi, alikuwa akizungusha feni ya mkono kuupuliza moto, jasho lamtoka. Dereva, mzee wa mvi, alikuja akaniangalia mikono. Mikono ya mchochea moto haifichiki, ina makovu ya cheche mpaka kwenye viwiko. Akauliza: "Kamataki?"

Nami nikasikia "kama ataka?" Nikajibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti: "Nataka!"

Wakacheka wote, wakanipa mpini wa feni. Baadaye ndipo nilipojua kuwa kamataki kwao ni mchochea moto. Aliniuliza kazi yangu, nami nikamjibu haja yangu.

Nilifungua pipa nikachungulia. Moto ulikuwa umerundikwa vibaya, makaa ya unga chini, mapande juu. Nikaupanga upya, nikapuliza. Basi lilipanda mlima ule bila abiria kushuka kusukuma, na inaonekana hushuka kila siku, maana kule juu walipiga makofi.

Dereva aitwa Okubo. Msichana aitwa Hisae. Kiingereza cha mzee ni cha kuokoteza, changu ni cha misheni ya Rabai, na katikati twakutana.

Jumatatu, 13 Juni

Mvua. Basi. Moto ulishika kwa pulizo la kwanza.

Jumamosi, 18 Juni

Hisae na mamake wakaa ndani ya tramu! Behewa bovu lililoungua, limewekwa kiwanjani bila magurudumu, wao wametia mapazia na jiko. Nilikaribishwa chai. Nilikaa kwenye kiti cha abiria, na juu ya kichwa changu mna kamba ya kushikilia. Mamake, ambaye hajui neno la lugha yoyote niijuayo, aliivuta kamba akalia "tin-tin!" kisha akanimiminia chai. Tulicheka mpaka nikamwaga yangu.

Nimemsimulia Mwidani. Amenyanyuka.

"Wacheka nao," akasema.

"Mzee yule ni dereva wa basi, Mwidani. Msichana ni kondakta."

"Na wale wa Bama walikuwa nani kabla ya kupewa bunduki? Walikuwa madereva wa basi."

Akaenda zake. Nimekasirika. Naona ni mtu aliyekwisha kuoza kwa chuki, na sina haja ya kusema naye tena ila kazini.

Jumapili, 26 Juni

Hatusemi. Mvua.

Jumatatu, 4 Julai

Mwidani ana jino. Shavu limevimba kama papai. Hali, halali, na bado hasemi.

Jumanne, 5 Julai

Leo serahangi alimkuta ameegemea ukuta wa chumba cha boila akitetemeka. Akasema kesho atapelekwa hospitali iliyoko mlimani, atake asitake, na mimi nimpeleke kwa kuwa naijua njia. Mwidani akafungua mdomo abishe, maumivu yakamfumba.

Jumatano, 6 Julai

Lazima niandike leo.

Tulishuka asubuhi kwenye mvua nzito. Mwidani alipokanyaga gati alisimama kidogo, akaitazama miguu yake, kisha akafuata. Kwenye basi la Okubo alikaa nyuma kabisa akageukia dirisha. Daktari aling'oa jino, akamtia pamba, akamwinamia. Mwidani alitoka bila kugeuka.

Kurudi tulipanda basi lile lile. Lilijaa: wanawake wa sokoni, wazee, mama mwenye mtoto mgongoni, na mtu mmoja muuza mitalawanda aliyekuwa na gunia zima la mitalawanda mipya, limefungwa kwa karatasi ya mafuta. Mvua ilikuwa haionyeshi barabara. Kijito cha pembeni, ambacho asubuhi kilikuwa cha kurukwa, kilikuwa kimepanda sawa na njia, cha rangi ya kahawia, kikivingirisha mawe.

Kwenye kona ya pili injini ikazima.

Okubo alishuka na hendeli kuiwasha kwa mbele. Akazungusha mara moja. Akazungusha tena, na hendeli ikarudi nyuma kwa nguvu. Nilisikia mfupa. Alipoinuka mkono wake ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Hakupiga kelele. Alimwambia Hisae maneno mawili, akakaa chini matopeni.

Hisae aliwaambia watu washuke watembee. Wa kwanza kushuka alikuwa mzee mmoja, maji yakamchukua miguu, tukamdaka kwa koti tukamrudisha ndani. Chini hapapitiki kwa miguu. Juu yetu mlima ulianza kulia. Sijui niuelezeje mlio ule. Vijiwe vilikuwa vikishuka, halafu mti mmoja ukashuka wima, umesimama, umevaa majani yake yote, ukapita nyuma ya basi ukaingia kijitoni.

Watoto wakalia. Mimi nilikimbilia pipa. Moto ulikuwa unakufa, makaa yote yamelowa. Nikapiga kelele, "Kuni! Kuni kavu!" kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa mikono. Walinitazama. Ndipo yule muuza mitalawanda alipofahamu. Alilikumbatia gunia lake. Nilimwona akilikumbatia. Kisha akalichana karatasi kwa meno, akaanza kunirushia, jozi kwa jozi, mbao nyeupe kavu, nami natia, nao moto ukainuka.

Lakini dereva? Okubo alijaribu kupanda kitini akaanguka. Hisae alikwenda kwenye usukani akaushika, nikamwona hajui hata mguu auweke wapi. Na mimi niliyelia miaka minne niwe dereva, nilisimama pale nikajua kwamba sijui.

"Tokeni hapo."

Alikuwa Mwidani. Damu na pamba mdomoni, sauti haitoki vizuri. Alikwisha kushuka mbele na hendeli mkononi. "Kidole gumba hakizunguki mpini," akasema, kama anayemsomesha mtu. "Waweka upande mmoja na vingine. Ikirudi, yakuachia." Akazungusha. Injini ikakohoa, ikashika. Akapanda, akamsogeza Hisae kwa kiwiko, akakaa.

"Usukani uko kulia kama wa kwetu," akasema. "Elkana! Nipe moto, usiniulize kitu."

Sikumwuliza kitu. Nilining'inia nyuma kwenye ngazi ya pipa, mkono mmoja nimeshika chuma, mwingine nazungusha feni, na mlango wa nyuma uko wazi, watu wanapokezana mitalawanda mpaka kwangu. Mwidani hakushika breki. Nilingoja ashike, kila abiria alingoja, hakushika. Alilitia gia ndogo akaliegemeza ubavu kwenye ukuta wa mlima, likawa linakwaruza mwamba kwa kelele za kutisha, lakini upande wa mwamba ndio usiomomonyoka. Mara moja magurudumu ya nyuma yaliteleza kuelekea kijitoni. Nilikuwa juu ya maji, nasema kweli, chini yangu hapakuwa na barabara. Watu wakapiga mayowe. Nikasikia Mwidani naye akipaza sauti: "Tulieni! Tulieni, kina mama!" Kwa Kiswahili! Nao wakatulia. Akatia moto zaidi badala ya kupunguza, basi likavutika, likarudi.

Tulipopita kona ya mwisho nilitazama nyuma. Mahali tulipokuwa tumekwama palikuwa hapapo.

Tulisimama kwenye njia ya tramu, mahali pa tambarare. Watu walishuka mmoja mmoja. Muuza mitalawanda alikuwa na gunia tupu begani na yeye mwenyewe miguu mitupu, kwa sababu mwisho alitoa hata yake. Walijipanga mbele ya Mwidani kwenye mvua, mstari, bila wa kuwapanga, wakainama. Okubo aliinama zaidi ya wote akishikilia mkono wake uliovunjika. Mwidani alisimama mikono imelegea. Hakuinama. Akaenda nyuma ya basi, akasimama karibu na pipa, akalinyooshea viganja.

Nikamsogelea. "Mwidani."

"Niache nipate joto," akasema.

Alhamisi, 7 Julai

Asubuhi Mwidani alikuja na kikombe chake cha chai akakaa karibu nami. Shavu limeshuka.

"Sikuwasamehe," akasema. "Niliwaendesha tu. Ulijue hilo."

Nikasema nimelijua.

Akanywa kidogo. Ndipo aliponieleza. Huko Bama alikuwa na mwenzake kwenye lori, Ngowa, kijana wa Kwale, mcheshi, alikuwa haimbi wimbo mpaka mwisho, huuacha nusu akaanza mwingine. Siku moja ya mvua kama ya jana, kwenye njia ya mlimani kama ya jana, risasi ilitoka mitini ikampata Ngowa kifuani. Nyuma yao malori mengine, njia nyembamba. Angesimama, wote wangekwama na wote wangeuawa. Basi akaendesha. Aliendesha kutwa nzima na Ngowa ameegemea bega lake.

"Watu walinisifu," akasema. "Nikapewa na utepe. Kila siku nasema, ningesimama huenda angeishi."

 Nilimwita mtu aliyeoza. Niliandika hapa kwa mkono wangu mwenyewe.

"Jana," akasema, "niliposhika usukani niliangalia kando. Alikuwa amekaa yule mama wa mbeleko. Nikasema, huyu yu hai. Na yule yu hai. Nikawa nawaangalia wote kwenye kioo, badala ya kuangalia njia. Wazimu huo!" Akacheka, akashika shavu. "Chai ya moto yaumiza kidonda."

Jumapili, 10 Julai

Mvua imekatika. Milima yote imeoshwa, ina mikwaruzo mirefu myekundu.

Jumamosi, 16 Julai

Nimemkosa Mwidani melini, nikamtafuta gatini, nikapanda tramu kumtafuta mjini. Alikuwa ndani ya tramu hiyo hiyo! Amekaa mbele kabisa, magoti pamoja, anamtazama dereva mikono. Aliponiona alikunja uso. "Breki zao zatumia upepo," akasema. "Sauti yake huisikii?" Tukazunguka mji mzima mpaka njaa ikatushusha. Niliinua kidole kwenye taa za ishara, yeye akatazama kando kwa aibu. Kwenye taa ya tatu akaniambia, "Ile pale umeisahau."

Jumanne, 26 Julai

Boila limepona. Tunaondoka kesho. Okubo alikuja mpaka lango la bandari, mkono umefungwa kwa mbao, pamoja na Hisae. Walileta kapu la viazi vitamu vya kuchoma na chai ya chupa. Hisae sasa anajifunza kuendesha basi. Ameniambia kwa Kiingereza alichokitafuta njia nzima: "Siku ile nilishika usukani, sikujua. Siku nyingine nitajua." Nikamwambia mimi ni vivyo hivyo.

Okubo na Mwidani walisimama wakatazamana. Kisha mzee akanyoosha mkono wake wa kushoto, mzima, na Mwidani akaushika kwa wa kushoto vilevile. 

Changamwe, Alhamisi, 1 Septemba

Nyumbani! Kache alinitazama mbavu, akaniuliza kama huko watu hawali. Nikaanza na mitalawanda saa ya alasiri, na mpaka uji wa asubuhi nilikuwa nimefika kwenye tramu yenye mapazia. Hakulala wala hakunikatiza, ila mara moja.

"Na huyo msichana wa basi, ataendesha?"

"Ataendesha."

"Kwa hiyo ulichokwenda kuona ni hicho."

Nikafikiri. "Ndicho."

Jumatatu, 5 Septemba

Nilikwenda reli. Mkubwa wetu alinipokea vizuri, akasema nafasi yangu ya kuchochea moto ipo, nianze hata kesho. Nikauliza habari ya udereva. Akasema bado ni vilevile. Nikamshukuru nikatoka. Ajabu ni kuwa sikuumia. Miezi mitano nyuma nilidhani neno lile ni sheria ya dunia. Sasa najua ni sheria ya pale pake tu.

Nimevuka kwa feri mpaka Likoni kumtafuta Mwidani. Nimemkuta anashona kiti cha mkeka. "Nifundishe," nikamwambia.

"Nilikuwa nakungoja tangu juzi," akasema.

Jumatano, 28 Septemba

Mzee Garama wa Mikindani amenunua lori la jeshi kuukuu, amelijengea bodi ya mbao na mabenchi, lakini hana dereva. Mwidani amechukua kazi kwa sharti moja, kuwa mimi niwe kondakta wake na jioni gari liwe shule yangu. Leo nimeling'oa tuta la mihogo la watu. Mwidani alinichekesha kwa kutosema chochote.

Jumatatu, 31 Oktoba

Nimepita mtihani! Afisa alinipandisha kilima cha Changamwe, akanisimamisha katikati, akaniambia niondoke bila kurudi nyuma. Sikurudi nyuma hata unyoya! Kache amempika yule kuku aliyekuwa akitaga.

Jumamosi, 12 Novemba

Leo Mwidani aliufungua mlango wa dereva, akashuka, akaenda nyuma akachukua mkoba wa kondakta akaufunga kifuani. "Safari ya Mazeras ni yako," akasema.

Nilipanda.  Watu wakajaa: wachuuzi, vijana wa bandarini warudio makwao, Kache kwenye benchi la pili akijifanya hanijui. Wa mwisho kupanda alikuwa hawe Kaviha, bibi wa kijiji chetu, ameshika jogoo kwa miguu. Alichungulia mbele.

"Dereva yuko wapi? Tutachelewa."

"Ndiye mimi, hawe."

"Wewe?" Akanisogelea uso kwa uso. "Mwana wa Gona? Si wewe uliyekuwa ukilia ukipandishwa punda?"

Basi zima likaangua kicheko, na sauti ya Kache niliisikia juu ya zote.

Hawe Kaviha akashuka. Akalizunguka basi lote taratibu, akaligonga ubavu, akalipiga teke gurudumu. Mwidani akamshikia mlango, hakumharakisha. Alipokwisha alipanda tena, akapita mabenchi yote yenye nafasi, akaja akakaa hapa karibu nami kabisa, jogoo mapajani.

"Haya, twende," akasema. "Lakini ukiniua, nitakusemea kwa mamako."

Nikatia gia.